Taji la jua: kompyuta inapatia wapi, inakosea wapi

Msomaji wa Tabata Segerea ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Mwaka 2016 nikiwa darasa la sita, baba alinipeleka Rujewa kuona jua likipatwa. Tuliona pete, lakini ule mng'ao mweupe unaoonekana kwenye picha za wenzetu hatukuuona. Juzi nimekuta kwenye simu picha mbili za kupatwa kwa jua kule Marekani. Moja wanasema ilichorwa na kompyuta kabla ya siku yenyewe, nyingine ni ya kamera. Zinafanana mno. Mimi ni fundi kompyuta, najua picha inavyopikwa. Hii imepikwa? Na kama kweli wanajua jua litakavyokuwa wiki nzima mbele, mbona sisi tunaambiwa mvua na haiji?"

Marahaba, kijana wangu. Umeuliza maswali matatu kwa pumzi moja. La kwanza jepesi, la mwisho la uchokozi, la katikati ndilo lenye nyama.

Nianze na Rujewa, kule mkoani Mbeya, maana hata mimi nilikuwepo tarehe 1 Septemba 2016, nimesimama kwenye vumbi la Usangu na umati uliokuja kwa mabasi, kwa bodaboda na kwa miguu. Kuelekea saa sita mchana mwanga ulififia taratibu, joto likashuka, na chini ya miti kila upenyo kati ya majani ukachora ardhini kijua kidogo chenye umbo la hilali. Watoto walikuwa wanavikanyaga. Nadhani nilitazama chini zaidi kuliko juu.

Kile kilikuwa kupatwa kwa pete. Mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, haukutosha kuliziba jua lote. Ulifunika kama asilimia 97 ya kipenyo chake. Ukipiga hesabu ya eneo, asilimia 5 hivi ya uso wa jua ilibaki wazi. Asilimia 5 unaweza kuidharau. Lakini ule mng'ao mweupe unaouulizia una mwanga wa kama sehemu moja kwa milioni ya mwanga wa jua, unakaribiana na wa mwezi mpevu. Kwa hiyo pete mliyoiona ilikuwa inang'aa mara elfu hamsini kuliko kitu mlichokuwa mnakitafuta. Ni kumtafuta kimulimuli mbele ya lori lililowasha taa kubwa usiku pale Kimara. Yupo, ila humwoni. Baba yako hakukudanganya.

Mng'ao huo kwa jina la kitaalamu ni korona. Tangu mwaka 2020 ukilitaja neno hilo kwenye daladala watu wanafungua madirisha, kwa hiyo mimi nitasema taji. Ni gesi nyembamba kupindukia, yenye joto la nyuzi milioni moja hadi mbili, ilhali uso wa jua chini yake una nyuzi 5,500 tu. Yaani unatoka jikoni kwenda uani na huko uani ndiko kunakounguza. Mwaka 1869, wakati wa kupatwa kwa jua, wataalamu waliona ndani ya taji mwanga wa kijani ambao hakuna kitu duniani kilichojulikana kuutoa, wakadhani wamegundua elementi mpya. Ilichukua miaka sabini na kitu hadi Bengt Edlén wa Sweden aonyeshe kwamba ni chuma cha kawaida, ila kimepigwa joto hadi kikapoteza elektroni 13. Joto hilo linatoka wapi hasa, mabishano hayajaisha. Likumbuke hili, litatusumbua mbele.

Sasa, imepikwa?

Picha unayoisema inaelekea ni ya kupatwa kwa tarehe 21 Agosti 2017. Kundi la watafiti wa Predictive Science, kule San Diego, California, lina desturi ya kuchora taji kabla ya kila kupatwa kukamilifu na kuiweka picha hadharani. Mwaka ule walitumia vipimo vya uso wa jua vya kuanzia tarehe 16 Julai hadi tarehe 11 Agosti. Baada ya hapo hawakuongeza kitu, ingawa siku kumi zilikuwa bado zimebaki. Mtu yeyote angeweza kuihifadhi picha ile kwenye simu yake, akasubiri siku ifike, akalinganisha. Kwa maana hiyo haikupikwa. Huwezi kunakili mtihani ambao haujatungwa.

Ila pua yako ya ufundi haijakosea kabisa. Picha zote mbili zimepita jikoni, pamoja na ile ya kamera. Taji karibu na ukingo wa jua linang'aa zaidi ya mara elfu kuliko taji la mbali kidogo na ukingo huo, na hakuna kamera inayoweza kunasa vyote kwa pigo moja. Kwa hiyo wapiga picha hupiga nyingi, za muda mfupi na za muda mrefu, kisha huziunganisha na kuzichuja ili nyuzi nyembamba zijitokeze. Bingwa wa kazi hiyo ni mwanahisabati Miloslav Druckmüller wa Brno, Jamhuri ya Czech. Na hao wa kompyuta nao huipitisha picha yao kwenye mchujo wa aina hiyohiyo, ili zilingane kwa sura. Ni halali kabisa, mradi ujue kinacholinganishwa ni umbo. Mng'ao halisi umeshaachwa nje ya mlango. Na jicho la binadamu kwa maumbo ni karimu mno: ukishaambiwa zinafanana, utaona zinafanana. Mimi mwenyewe nikipewa picha mbili za namna hiyo, huziba moja kwa karatasi kwanza, nikaichora nyingine kwa penseli, ndipo nikafunua. Unashangaa kiasi gani hukukiona.

Tuje kwenye namna wanavyofanya. Kwa hili chukua spika mbovu, itoe sumaku yake ya nyuma. Nenda kwa mafundi wa Gerezani, waombe vumbi la chuma lililomwagika chini ya grinda. Watakucheka lakini watakupa bure. Weka karatasi ngumu juu ya sumaku, nyunyiza lile vumbi kwa vidole viwili kama unatia chumvi, kisha gonga ukingo wa karatasi kwa ukucha. Gonga tena. Utaona vumbi linanyanyuka na kujipanga: sehemu nyingine linajikunja kama upinde kutoka ncha moja kwenda nyingine, sehemu nyingine linasimama wima kama nywele za mtu aliyetoka usingizini.

Taji la jua ni lile vumbi. Gesi yake ina chaji za umeme, haiwezi kwenda itakako, hufuata njia za sumaku. Kompyuta inapewa sumaku iliyo chini na kuulizwa: vumbi litakaaje juu? Hilo ndilo swali lote.

Isipokuwa kwenye jua kuna feni pia. Gesi ya taji ni ya moto kiasi kwamba jua haliwezi kuishikilia yote. Inavuja kwenda nje muda wote, na huo ndio upepo wa jua alioutabiri Eugene Parker mwaka 1958. Pale sumaku inapojikunja kwa nguvu, gesi hunaswa kwenye matao. Juu zaidi sumaku inadhoofu, upepo unashinda, na kilele cha tao kinavutwa hadi kinakuwa mkia mrefu. Ndiyo ile mikia mikubwa unayoiona kwenye picha, minene chini, imechongoka juu, kama kitunguu kilichoachiwa jani lake. Penye sumaku iliyo wazi gesi hukimbia, sehemu inabaki nyeusi, na karibu na ncha za jua huachwa vijinyuzi vyembamba kama kope.

Kwa hiyo ukiijua sumaku ya uso wa jua, umeshafika mbali. Na sumaku ya uso tunaweza kuipima tukiwa hapahapa, kwa sababu mwanga unaotoka penye sumaku hugawanyika kidogo rangi zake. George Hale alilionyesha hilo kwenye madoa ya jua mwaka 1908. Leo setilaiti ya SDO, iliyorushwa mwaka 2010, inatoa ramani ya sumaku ya upande wote wa jua unaotuelekea kila baada ya sekunde 45.

Njia ya kwanza ya kutoka kwenye ramani kwenda kwenye taji ilipatikana mwaka 1969, na ni rahisi hadi inatia aibu. Unadhani hakuna mkondo wa umeme wowote kwenye taji, na unadhani kwamba ikifika umbali fulani, kawaida mara 2.5 ya nusu kipenyo cha jua, sumaku yote imenyooshwa na upepo. Basi. Hesabu hiyo laptopu yako ya kazini inaimaliza kabla chai haijapoa. Kwa majira ambayo jua limetulia, jibu lake linakubalika sana, jambo linalowakera kidogo wenye kompyuta kubwa.

Njia ya pili, waliyotumia wa San Diego, ni kuiacha gesi na sumaku zishindane zenyewe. Taji linakatwa vipande vidogo vingi mno, na kwa kila kipande kompyuta inatatua milinganyo ya mwendo wa gesi, joto lake na sumaku yake, hatua kwa hatua, hadi vyote vitulie. Hiyo inataka maelfu ya vichakataji vikifanya kazi pamoja. Na hapa ndipo lile deni la joto linapodaiwa. Kwa kuwa hakuna aliyethibitisha taji linapashwa moto vipi, lazima uchague nadharia, uitie kwenye programu. Mwaka 2017 walichagua mawimbi yanayopanda kutoka chini, yakivurugika na kuacha joto njiani. Kisha walifanya jambo jingine ambalo kwangu ndilo la kifundi zaidi: walitazama nyuzi nyeusi za gesi baridi zinazoonekana juu ya uso wa jua, wakajua kwamba hapo sumaku imesokotwa kama kamba ya kuchotea maji kisimani, wakaisokota na kwenye modeli, yaani lile jua lao la ndani ya kompyuta. Ramani ya uso peke yake haikwambii hivyo. Bila msokoto ule mikia inatoka ikiwa imebanwa na imenyooka mno, kama imechorwa kwa rula.

Matokeo ya 2017 yalikuwa mazuri kweli. Mikia mikubwa ilikuwepo ilipotarajiwa, na hata kope za kwenye ncha zilikaribiana na za kamera. Kundi la Dibyendu Nandy huko Kolkata, India, nalo lilitoa utabiri wake kwa kupatwa kulekule, mapema zaidi, wiki kadhaa kabla. Wao waliiendesha mbele sumaku ya uso yenyewe, namna inavyosambaa na kuchukuliwa na mikondo ya jua, kisha wakajenga taji juu yake kwa njia rahisi. Walipata mistari mikubwa ya picha. Kwamba ukiwa umebakiwa na wiki kadhaa bado unapata mistari mikubwa, hilo linakwambia kitu kuhusu jua lenyewe: sura yake kubwa haina haraka.

Sasa nikueleze wanapokosea.

Umewahi kupiga panorama na simu pale Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, saa kumi jioni? Unazungusha simu taratibu, na ukimaliza unakuta mtu mmoja ametokea mara mbili, mkokoteni umekatika katikati, na yule mama wa maembe uliyeanza naye alishaondoka wakati unamaliza. Ramani ya jua zima ni panorama ya namna hiyo. Jua linajizungusha, na kwa sisi tulio duniani mzunguko mmoja unachukua siku 27 hivi. Upande wa nyuma hatuuoni. Kwa hiyo ramani "nzima" ni vipande vya siku tofauti vilivyoshonwa pamoja, kingine cha leo, kingine cha wiki tatu zilizopita.

Angalia sasa ubaya wa mkao wenyewe. Sumaku inapimika vizuri ikiwa katikati ya jua, imetutazama usoni. Wakati wa kupatwa, taji linaloonekana ni la kwenye kingo. Ukingo wa magharibi ulipita katikati siku saba zilizopita. Habari zake ni za wiki, si mbaya. Ukingo wa mashariki ndio kwanza unachomoza kutoka nyuma. Mara ya mwisho kupita katikati ilikuwa kama siku ishirini zilizopita, na kwa wiki mbili hivi za mwisho umekuwa nyuma, gizani kwetu. Kama huko nyuma pamezuka kundi jipya la madoa, kompyuta haina habari, itachora kwa ustadi wote taji la jua ambalo halipo tena. Yaani tunaujaribu utabiri mahali palepale ambapo vipimo ni vikuukuu zaidi.

Hili si wazo langu la barazani. Kwa kupatwa kwa tarehe 8 Aprili 2024, kulikopita Mexico, Marekani na Kanada, wale wa San Diego waliacha mtindo wa picha moja iliyotulia. Waliifanya modeli iende na wakati, ikimeza vipimo vipya vya uso wa jua kadiri vinavyopatikana, huku taji likibadilika ndani ya kompyuta kama linavyobadilika kule juu. Jua lilikuwa karibu na kilele cha pilikapilika zake za miaka 11 hivi, mikia imetoka kila upande kama miiba ya nungunungu, mtihani mgumu kuliko wa 2017. Walipolinganisha, walikuta modeli na picha za kamera zinakubaliana zaidi pale ambapo chini yake palikuwa na vipimo vya karibuni. Palipokuwa na vipimo vya zamani, zilipishana. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la swali lako: hesabu wanazimudu kuliko wengi wanavyodhani, kinachowaangusha ni kutoona.

Ncha za jua nazo zina shida hiyohiyo kwa sura nyingine. Mhimili wa jua umeinama nyuzi 7 na robo tu kwetu, kwa hiyo kila ncha tunaiona kwa pembeni kabisa, ya kusini vizuri kidogo mwezi Machi, ya kaskazini mwezi Septemba. Ni kama kusoma kibao cha duka ukiwa umejibanza kwenye ukuta uleule. Na sumaku ya ncha ndiyo inayoamua nafasi ya mikia mingi. Mwaka 2025 chombo cha Solar Orbiter kilipanda hadi nyuzi 17 juu ya mstari wa kati wa jua na kuipiga picha ncha ya kusini kwa pembe ambayo hakuna aliyewahi kuipata. Mimi naipa thamani safari ile kuliko kompyuta mpya yoyote watakayonunua.

Kuhusu mvua. Unawaonea watu wa TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, ila nakuelewa. Sote tunakumbuka Aprili 2021, kimbunga Jobo kikija upande wetu, tahadhari kila redio, watu wamefunga madirisha. Kikadhoofika kabla ya kufika nchi kavu, na mitaani ikawa utani wa wiki nzima. Tofauti ni hii: hewa ya dunia ni nyepesi kubadilika, kosa dogo la leo asubuhi linakuwa kubwa keshokutwa. Sura kubwa ya taji inashikwa na sumaku, na sumaku hiyo huchukua siku na wiki kubadilika. Anayetabiri taji anatabiri kitu kinachotembea polepole. Lakini TMA anaiona Bahari ya Hindi yote kwa setilaiti, mchana na usiku. Mpe mtabiri wa mvua bahari anayoiona siku 13 hivi tu katika kila siku 27, halafu tuone nani atachekwa mtaani.

Tena kuna mvua ambayo hata huku hawaijui. Jua likilipuka saa moja kabla ya kupatwa na kurusha wingu la gesi, taji linapasuka upande mmoja, na hakuna picha ya wiki iliyopita itakayokuwa na alama ya tukio hilo. Ningekuwa nasahihisha mitihani hii kama ya kidato cha nne, kwenye umbo la jumla ningewapa A jua likiwa limetulia, na B likichachamaa. Kwenye kupatia mkia mmoja mmoja unatokea wapi hasa, B ya ukingo wa magharibi na C ya mashariki. Vinyuzi vidogovidogo vinapata kufanana kwa tabia tu, havilingani kimoja kwa kimoja. Milipuko ni F, na wao wenyewe hawakuomba kutahiniwa somo hilo.

Kuna kosa jingine ambalo picha nzuri hulificha, nami ndilo linaloninyima usingizi. Ukikusanya sumaku yote ambayo modeli inasema imetoka nje ya jua ikibebwa na upepo, ukalinganisha na ile ambayo vyombo vinaipima huko angani kati ya jua na dunia, modeli mara nyingi zinatoa kama nusu tu. Nusu nyingine iko wapi? Wengine wanalaumu vipimo vya ncha, wengine wanasema ramani zenyewe zinapima sumaku pungufu, wengine wanasema taji lina sehemu zilizo wazi tusizozitambua. Picha ya kupatwa inaweza kupendeza kabisa huku hesabu hiyo haifungi. Kwa hiyo ukiona mtu anasema "zimefanana, basi tumelielewa jua," mwambie apige hesabu ya sumaku kwanza.

Inatuhusu vipi sisi wa Pwani? Kwa upepo. Modeli hizihizi ndizo zinazotumika kukisia upepo wa jua utatufikia ukiwa na nguvu gani, na huo ndio unaovuruga mawasiliano ya redio za masafa marefu na kupotosha GPS. Mei 2024 tulipata dhoruba kubwa ya jua, tarehe 10 na 11, na tarehe 12 intaneti ikakatika au ikazorota sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Wiki moja nyuma tu kilikuwa kimepita kimbunga Hidaya. Unaweza kufikiri magrupu ya WhatsApp yalivyochemka. Nilitumiwa ujumbe uleule mara tisa ukisema jua limekata intaneti. Ilikuwa nyaya za chini ya bahari zilizokatika upande wa kusini, basi. Jua lina makosa yake, lakini lile halikuwa lake.

Kama unataka kupima mwenyewe badala ya kuniamini mimi, nafasi zipo. Tarehe 12 Agosti 2026 kivuli cha mwezi kinapita Greenland, Iceland na Hispania. Na tarehe 2 Agosti 2027 kinaingia bara letu: kinavuka Morocco, Algeria, Tunisia, Libya na Misri, na karibu na Luxor giza litadumu dakika 6 na sekunde 23, muda mrefu kuliko kawaida. Wakati huo jua litakuwa limeshuka kutoka kilele chake cha 2024, kwa hiyo natarajia mikia ianze kuteremka kuelekea mstari wa kati na kope za ncha zirudi kuonekana vizuri. Hayo ni makisio ya mtu mwenye penseli. Wenye kompyuta watatoa yao siku chache kabla. Ihifadhi picha yao siku hiyohiyo, na uandike tarehe. Ikishapigwa ya kamera, ziweke zote mbili kaskazini juu, halafu anza na upande wa kushoto, maana huo ndio ukingo wa mashariki. Kama kuna mahali watakuwa wameteleza, nitaweka nauli yangu ya mwendokasi ya mwezi mzima kwamba ni huko.

Ukifanikiwa kwenda Luxor, nenda na baba yako, anakudai taji tangu Rujewa. Ila msichukue miwani ile ya karatasi mliyovaa 2016 kama imekunjika au ina mikwaruzo. Itupeni, tafuteni mipya yenye alama ya ISO 12312-2. Itazameni chembe ya mwisho ya mwanga kupitia miwani hadi imezimika kabisa, kisha mvue. Taji halionekani ndani ya miwani. Dakika sita zile mtazame kwa macho makavu, na chembe ya kwanza ya jua ikirudi upande wa pili, mvae tena papo hapo.